Vichuguu Viwili vya Plasta

Maman Georgette tulimzika siku ya Alhamisi, na baada ya makaburini tukakusanyika katika ukumbi wa kukodi karibu na Chaussée de Wavre, mahali ambapo juma lililotangulia palikuwa na harusi. Mapambo ya karatasi ya fedha yalikuwa bado yananing'inia juu ya jukwaa na hakuna aliyekumbuka kuyatoa. Nilikuwa nimesimama karibu na meza ya chupa za chai pale binti yake mkubwa aliponijia na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya nailoni. "Yaya Béa," akasema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yetu, "maman aliacha neno juu ya hii. Alisema ni yako, na usifungue mbele ya batu." Sikuhitaji kulifungua. Nilipolipokea nililipima kwa mikono kama ninavyopima kila kitu, na nikajua kwamba ndani mlikuwa na kichwa kimoja kidogo cha garimoshi la mfano, picha moja, na vipande viwili vya plasta, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Kisha nikainua macho nikamwona Déo wa kwaya yetu ya zamani akiingia mlangoni, amevaa koti jeusi, nywele zote zimekuwa nyeupe, akipangusa miguu kwenye zulia kwa uangalifu uleule wa zamani.

Sitaeleza hapa nilivyofika Brussels wala nilikotoka. Hayo nimeyaandika kwingine na hayabadilishi kitu. Ninataka mwaka mmoja tu, 1995, na chumba kimoja, chumba cha nyuma katika nyumba ya ghorofa ya tatu huko Etterbeek. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nikisafisha ngazi za ofisi asubuhi na kupanga chumba kidogo kwa Tonton Anaclet, yaani mjomba Anaclet, na mkewe, Maman Georgette. Tonton alikuwa dereva wa garimoshi Katanga kwa miaka mingi na alikuwa ameletwa Ubelgiji kutibiwa macho. Matibabu hayakusaidia. Ugonjwa ulikuwa unamla kuanzia pembeni kuelekea katikati, hata akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Alichokielekezea uso alikiona vizuri. Kilichokuwa kando yake hakikuwepo. Mezani Maman alikuwa akimsogezea bukari, ugali wetu, hadi mbele ya kidevu chake, na bado mkono wake ulipapasa ukatumbukia kwenye bakuli la sombe, yale majani ya muhogo.

Katika chumba cha nyuma, juu ya farasi wanne wa mbao, vile viunzi vya maseremala, walikuwa wamelaza milango miwili ya kabati iliyoungwa ncha kwa ncha, na juu ya milango hiyo Tonton alikuwa akijenga upya kipande cha reli. Urefu wake ulikuwa mita nne na sentimita ishirini. Kwa kipimo tulichokitumia, moja kwa themanini na saba, hizo ni mita mia tatu sitini na tano za Katanga: kona moja inayopinda kulia, stesheni ndogo yenye chumba kimoja, nguzo moja ya signali yenye mkono wa chuma, na kabla ya nguzo hiyo, upande wa ndani wa kona, kichuguu. Watu wasiozijua sehemu zile hudhani kichuguu ni kitu cha kurukwa na mtoto. Kule vipo vinavyopita paa la nyumba, vyenye udongo mgumu unaovunja jembe. Mikono iliyojenga ilikuwa yangu; yeye aliketi kwenye kiti cha jikoni akielekeza kwa kidole. Reli za kawaida za maduka alizikataa. Reli ya Ulaya ni pana, alisema, yetu ni mita moja na milimita sitini na saba, na ukiiweka ya Ulaya pale umeshaanza kusema uwongo. Basi tulitafuta reli za milimita kumi na mbili, zinazotengenezwa kwa wanaopenda treni ndogo za milima ya Uswisi, na vichwa vya garimoshi tuliviokota vibovu, nikavikata, nikavilehemu, nikavipaka rangi nyeusi.

Huko ndiko nilikojifunza kazi ninayoifanya mpaka leo, ya kuchora mipango ya majengo. Hakuna shule iliyonifundisha. Maktaba ya komuni, yaani ya manispaa, ilikuwa na rafu moja ya vitabu vya reli, nami nilivisoma vyote, vingine mara mbili, nikiwa na kamusi. Nilianza pia kukusanya. Jumapili asubuhi, kwenye soko la Gare du Midi, katikati ya wauza zeituni na masufuria, kulikuwa na wazee wawili watatu waliotandaza chini mabehewa ya zamani yasiyo na magurudumu, nami nilikuwa nikichuchumaa pale mpaka magoti yaume. Kila behewa nililifunga kwa gazeti, nikaliandikia namba kwenye daftari. "Angalieni hii nyumba," Maman alikuwa akilalamika akikwangua plasta iliyogandia kwenye sufuria yake. "Bwana anajenga chemin de fer, binti anakusanya mawagon, na mimi bado napanda bus kwa miguu ya kuvimba. Siku moja mutanitengenezea gare hapa jikoni, nikate tikiti kabla ya kupika!" Tulicheka. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na lazima niiandike furaha hiyo, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki.

Ilikuwa kwenye soko hilo, mwezi wa tatu, nilipoelewa treni ile ilijengwa kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimemshika Tonton mkono tukipita kati ya watu, pale kijana mmoja wa kwaya ya parokia yetu, Déo, aliyekuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee, alipotusimamisha. Alisalimu kwa heshima, akamuuliza Tonton hali ya macho. Halafu akasimama bila kuondoka, akiupeleka mfuko wa vitunguu kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Tonton, munisamehe. Maman yangu alinipigia simu toka Likasi. Anazeeka. Anataka nikuulize kintu kimoja, juu ni weye tu umebaki wa siku ile."

"Uliza, mwana."

"Papa alikufa akisema kile kichuguu alishakikata. Kila siku, mpaka mwisho: nilikikata, nilikikata. Donc, basi... alikikata ao hakukikata?"

Tonton aligeuza uso polepole mpaka akamweka Déo katikati ya bomba lake. "Kuya kwangu," akasema. "Nikimaliza kazi nafanya, utakuya, utainama, utaona na macho yako mwenyewe." Déo akashukuru mara tatu. Tulipokuwa tunarudi ndani ya tramu, Tonton alinieleza kilichotokea, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti. Miaka ishirini na kitu iliyopita alikuwa akivuta mabehewa ya shaba kuelekea stesheni ile. Signali ilikuwa imefungwa, maana yake simama, kwa sababu mbele yake kulikuwa na kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, na watu watatu juu yake. Hakusimama. Mafundi watatu walikufa, na mchochea moto wake mwenyewe, aliyeruka, akafa pia. Mbele ya tume ya uchunguzi Tonton alisema kichuguu kiliificha signali mpaka muda wa kufunga breki ukapita. Kukata kichuguu ilikuwa kazi ya mkuu wa stesheni, yaani baba yake Déo. Mkuu wa stesheni alifukuzwa kazi, akafungwa miezi kadhaa, akarudi nyumbani akafa. "Na kichuguu kilikuwa na urefu gani?" nilimuuliza. Alinyoosha mkono wake wa kuume, akauweka kwenye goti langu ukiwa umesimama kwa ubavu. "Kwa kipimo chetu? Vidole vine." Vidole vinne vya Tonton vilikuwa sentimita saba kasoro kidogo, yaani mita sita kule. Nikakitengeneza kwa waya na plasta, nikakipaka rangi ya udongo mwekundu. Nilitoboa tundu kwenye kadi, nikaisimamisha relini mahali pa kichwa cha garimoshi, nikachungulia tangu mwanzo wa kona. Signali haikuonekana. Nilifurahi kwa niaba yake.

Mwezi wa sita tulikwenda kwenye reli ya kumbukumbu, moja ya zile njia ndogo zilizofungwa ambazo wastaafu wa kujitolea huziendesha siku za Jumamosi kwa garimoshi za zamani. Nilikuwa nimeshakwenda mara mbili peke yangu na nilitaka Tonton anuse tena makaa. Maman alitufungia mikate yenye samaki na kutuonya tusirudi weusi zaidi ya tulivyokwenda. Wale wazee waliposikia kwamba alikuwa dereva, walivua kofia, wakamshika mikono yote miwili, wakatupandisha sote wawili kwenye kichwa cha garimoshi kwa kipande cha safari. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa vile. Alipapasa mkono wa mvuke, akapapasa saa ya presha, akataja kila kitu kwa jina bila kukitazama. Dereva alikaa kushoto. Mchochea moto, mzee mwenye masharubu ya njano, alikaa kulia, na tulipoanza kona ya kulia, ambapo pipa kubwa la garimoshi linamzibia dereva macho, alitoa kichwa nje akapiga kelele kwamba signali imefunguliwa: "Ouvert!" Na dereva, bila kumtazama, akajibu: "Ouvert!"

"Njo vile," Tonton aliniambia sikioni. "Mutu wa moto anaita, dereva anarudia."

"Kwa nini arudie? Si ameshasikia?"

"Anarudia juu kesho asiseme hakusikia."

Tulipita uwanda, tukapita daraja, tukaingia kona nyingine ya kulia. Mzee wa masharubu akatoa kichwa. "Fermé!" "Fermé!" akajibu dereva, yaani imefungwa, akafunga mvuke, breki zikalia. Nikahisi vidole vya Tonton vikinishika kifundo cha mkono, vikibana mpaka mfupa ukauma. Uso wake ulikuwa umelowa, na haikuwa joto la moto, kwa maana tulikuwa karibu na mlango wazi na upepo ulikuwa wa baridi. Tulisimama chini ya signali dakika nne hivi. Wale wazee walitania, wakamimina kahawa. Tonton hakunywa. Mikate ya samaki tuliirudisha kwa Maman kama alivyoifunga.

Mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Mwezi wa tisa kilichobaki kilikuwa paa la stesheni, nami sikujua kama lilikuwa la bati au la vigae. Tonton alikuwa hospitali kwa vipimo siku ile. Nikamwomba Maman picha za zamani, naye akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akanimwagia picha zote mezani, akarudi kuchambua ndagala, wale dagaa wakavu. "Angalia tu, mwanangu. Mimi hizi treni sizijui hata moja, naona moshi na wanaume." Katika picha mojawapo nililiona paa. Lilikuwa la bati. Mbele yake alisimama mwanaume aliyevaa kofia ya mkuu wa stesheni, mwenye sura ya Déo kabisa, na kando yake vibarua wawili wenye majembe na sururu. Walikuwa wamesimama ubavuni mwa kilima cha udongo kilichokatwa juu kikawa bapa kama meza, na udongo uliokatwa ulikuwa umerundikwa pembeni, bado umelowa. Nyuma yao ilionekana nguzo ya signali. Kile kilima kilimfika mkuu wa stesheni kifuani. Nikaigeuza picha. Nyuma, kwa mwandiko wa Tonton, palikuwa na jina la stesheni na tarehe. Ilikuwa wiki tano kabla ya ajali.

Nilikaa pale muda mrefu nikisikia Maman akizungumza na ndagala zake. Ningeweza kuirudisha picha ndani ya sanduku. Badala yake nilifanya ninalolijua: nilipima. Kifua cha mwanaume wa kawaida ni mita moja na thelathini. Gawanya kwa themanini na saba: milimita kumi na tano. Nikatengeneza kichuguu cha pili, kirefu kama upana wa kidole kimoja, bapa juu. Jumamosi mchana Tonton alipoketi kwenye kiti chake nilikuwa nimeshaking'oa kile kirefu na kuweka kifupi. Alipitisha mkono juu ya reli kama alivyozoea kila siku, akaifuata kona, akafika. Kidole chake kilipanda, kikashuka. Kikapanda tena. Kisha akateremka kwenye kiti, akapiga magoti, akaweka shavu kwenye mlango wa kabati na jicho lake nyuma ya kadi yenye tundu. Jicho lake lilikuwa na uwezo wa kuona kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa mbele yake.

"Inaonekana," akasema.

"Kutoka wapi, Tonton?"

"Toka mwanzo wa kona. Trois cents mètres, mita mia tatu." Akabaki pale chini. Halafu: "Ita."

Nilielewa. "Imefungwa," nikasema.

Alichelewa sana. "Imefungwa," akajibu.

Aliniambia yaliyobaki akiwa bado amepiga magoti. Mchochea moto wake aliita. Yeye alisikia. Lakini signali ile ilikuwa na tabia: kila siku uliikuta imefungwa, na kila siku ilifunguka ukiikaribia, na kusimamisha mabehewa yote yale ya shaba kwenye mlima halafu kuyaondoa tena ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo madereva wote waliacha mvuke wazi wakisubiri ifunguke. Kwa miezi minane ilifunguka; siku ile haikufunguka. "Sikurudia," alisema. "Yeye aliita, mimi sikurudia. Kama ningerudia, mukono ungefunga mvuke peke yake. Mukono unasikia mudomo." Nilimsaidia kuinuka. Aliniomba nimwite Déo kesho yake, baada ya misa. Nilidhani najua kwa nini.

Déo alikuja na keki kwenye boksi. Maman alikuwa amepika bukari na samaki, na tulikula vizuri. Déo alitusimulia juu ya bibi mmoja kazini kwake anayeficha meno ya wenzake, na Maman alicheka mpaka akapangusa macho kwa kitenge. Baadaye Tonton akamshika Déo bega, wakaingia chumba cha nyuma, nami nikafuata na birika la chai. Niliona mara moja. Kichuguu kirefu kilikuwa kimerudi mahali pake, gundi yake bado inang'aa pembeni, imepakwa na mtu asiyeona vizuri.

"Inama," Tonton alisema. "Weka jicho hapa. Sasa uko mahali pangu. Unaona signali?"

Déo aliinama. Alikaa vile kwa muda, akasogeza kichwa, akajaribu jicho la pili. "Sioni, Tonton."

"Njo ile. Njo vile ilikuwa."

Déo alisimama, akakunja na kukunjua mikono. "Donc papa alikuwa anatudanganya," akasema taratibu. "Miaka yote. Nilipigana na batoto ba shule juu ya hiyo."

"Baba yako alikuwa mutu muzuri," Tonton alisema. "Kazi ilikuwa mingi. Alisahau."

Hapo Déo akanigeukia. Hakuwa mjinga, na alikuwa ameniona mara nyingi na rula yangu. "Béa, weye unapimaka bintu. Hii ni ya kweli?"

Nimeyarudia maneno yangu mara nyingi kuliko sala yoyote. Tonton alikuwa ameelekeza uso wake kwangu, amenikamata katikati ya bomba. Nilikuwa ninaishi chini ya paa lake. Kila nilichokijua kuhusu vipimo nilikijulia kwenye milango ile miwili. Nikasema: "Kona iko sawa, reli iko sawa. Vipimo nimevipima mwenyewe." Kila neno lilikuwa la kweli. Kisha nikammiminia chai, na mkono wangu haukumwaga hata tone.

Hatukujenga tena. Kabla ya Krismasi bomba lilijifunga kabisa, na mwaka uliofuata Tonton alikufa. Nilihama Etterbeek, nikapata kazi, nikaendelea kukusanya. Mabehewa yangu yanajaza ukuta mzima sasa, na kila mwaka ninapanda zile treni za kumbukumbu, lakini huketi behewa la mwisho, mbali na kichwa, mahali ambapo sauti ya mtu wa moto haifiki. Mama yake Déo alikufa Likasi akiwa amekwisha kuambiwa na mwanawe kwamba mumewe alisahau. Hilo nililisikia kwenye kwaya. Sikujua kwamba Maman Georgette alikuwa ametunza boksi, wala kwamba alielewa kilichokuwa ndani yake. Nadhani siku ile ya picha, jikoni, macho yake hayakuwa kwa ndagala peke yao.

Katika ukumbi, siku ya mazishi, nilimwomba Déo tukae kwenye meza ya pembeni. Nikafungua kamba mbele ya watu, kinyume na nilivyoagizwa. Nikaweka picha. Nikaweka kichuguu kirefu, na kando yake kifupi. Déo alivaa miwani, akamtazama baba yake, akatazama majembe, akatazama kilima kilichomfika kifuani, akageuza picha akasoma tarehe. Alikichukua kile kifupi, akakiweka juu ya kiganja, akakipima kwa kidole chake bila kuambiwa. Nyuma yetu wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kumsindikiza Maman. Déo alipiga mahesabu kwa midomo, miaka yote.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

Alinitazama. Sidhani kwamba aliifahamu ile desturi ya reli, ya kuita na kurudia. Baba yake hakuwa dereva, na alikufa Déo akiwa mdogo. Lakini alijibu kama inavyotakiwa kujibiwa, wazi, bila haraka, ili kesho asiwepo wa kusema hakusikia.

"Ulijua," akasema, akavirudisha vitu vyote ndani ya boksi, akalifunga kamba, akaondoka nalo.